Mwaka Niliomharibia Mama Mkubwa Akodiani Yake

Harith alinipigia simu Jumatano baada ya alasiri, anacheka hata maneno hayatoki. Huyu ni mtoto wa mama yangu mkubwa, tumezaliwa mwaka mmoja, sote wawili tushastaafu, na kazi yake siku hizi ni kumtazama mama yake na kunisimulia mimi. Akanambia kampeleka mama kwa daktari wa masikio, kwa sababu nyumba nzima imechoka kupiga makelele: wajukuu wanamwamkia kwa makelele, dada wa jikoni anamwita chakulani kwa makelele, televisheni yake inasikika mpaka kwa jirani wa tatu. Wakamtia kwenye kijumba cha kioo, wakamvisha vidude masikioni, wakamwambia abonyeze kila anaposikia mlio, na bibi kabonyeza yote, hata ile ambayo Harith mwenyewe, aliyekuwa kasimama karibu, hakuisikia. Daktari akatoka na karatasi anasema kwa umri wake huyu masikio anayo mazuri sana. "Sasa unajua kamjibu nini?" Harith akanambia. "Kamwambia, mwanangu, wewe bado mdogo. Masikio yangu yamekufa zamani, kanipima Nassor."

Nikacheka. Nilicheka vizuri, kama mtu aliyesikia kichekesho, na Harith akaridhika, akanialika chakula cha Ijumaa. Nikamwambia nitaangalia. Hilo ndilo jibu langu kwa mialiko yote, na watu wangu wamelizoea, kwa kuwa mimi ni mtu wa nyumbani kwa kiwango cha aibu. Tangu nistaafu nimetoka nje ya mji mara mbili, zote kwenda Yiti kununua samaki, na mara ya pili nilibaki garini, mke wangu ndiye aliyeshuka kuchagua. Kutoka kwangu mpaka kwa Harith, hapo Khuwair ya Kusini, humu humu Maskati, ni dakika kumi hata taa zote zikiwa nyekundu. Lakini kwa miaka thelathini na tano nimekuwa nikiingia nyumba ile siku za Idi na siku za msiba tu: nambusu Mama Mkubwa kichwa, nanywa kahawa vikombe viwili kama dawa, naondoka. Watu husema Nassor havumilii kukaa mbali na mto wake. Nimewaacha waseme. Ni heshima kubwa kudhaniwa mvivu pale ambapo ukweli ni kitu kingine.

Mwaka ninaoutaja nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza sekondari, kazi sijapata, na sikuwa na haraka ya kuipata. Chumba changu kilikuwa na kitanda, kabati la bati, zulia lililoungua pembeni kwa pasi, na kiyoyozi cha dirishani, kile cha sanduku, kilichokuwa kikiunguruma mchana kutwa kama mtu anayekula huku hataki kusemeshwa. Gitaa nilinunua kwa Mfilipino aliyekuwa akirejea kwao. Akanionyesha namna ya kushika sauti nne, akanionyesha namna ya kuoanisha nyuzi, kisha akaenda zake uwanja wa ndege. Kuoanisha si kazi ngumu ukishapata uzi mmoja. Ukiupata huo, unabana kidole pale pake, unausikiliza uzi wa pili mpaka ulingane nao, na hivyo hivyo mpaka wa sita. Shida ni ule wa kwanza kuupata. Wenzangu wote walikuwa na kitu cha kuwapa sauti: kinanda cha skuli, filimbi ndogo, gitaa la kaka. Mimi sikuwa na kitu, na kutoka kwenda kuazima kulikuwa ndiko kule kutoka nisikokupenda.

Siku moja nimelala chali, gitaa kifuani, nikaugusa uzi wa tatu, nikasikia unagombana na kiyoyozi. Sauti mbili zikikaribiana bila ya kulingana hutetemeka, wau-wau-wau, kama feni iliyolegea. Nikakaza uzi kidogo, mtetemo ukapungua mwendo. Nikakaza tena, ukatulia kabisa, uzi na kiyoyozi vikawa kitu kimoja. Nilifurahi kama mtu aliyevumbua moto. Kutoka siku hiyo kila asubuhi nalipatia gitaa langu sauti kutoka dirishani, na kwa kuwa kiyoyozi hakibadiliki, gitaa langu lilikuwa lile lile leo na kesho. Wenzangu walipokuja wakaniona nafumba macho, nakaza, nalegeza, bila ya filimbi wala kinanda, na siku ya pili sauti ni ile ile, wakaanza kuniita Nassor Sikio. Wakaleta na magitaa yao niwawekee. Kuhusu kiyoyozi sikuwaambia. Nilikuwa nikijiambia kwamba hakuna aliyeuliza. Waliuliza. Niliwajibu kwamba sauti ninayo kichwani.

Mama Mkubwa wakati huo alikuwa na miaka hamsini na alikuwa na akodiani. Kaja nayo kutoka Unguja, ndani ya sanduku lake jeusi, na wanasema melini alilala kaiegemea ili isipakatwe na mtu mwengine yeyote. Ujanani alikuwa akiipiga kwenye kikundi cha taarabu cha wanawake. Hapa Maskati aliipigia chumbani kwake, kati ya cherehani na chetezo cha udi, wali ukiwa jikoni unakauka. Mlango huachwa wazi ili asikie sufuria. Nilikuwa nikienda kwake mara nyingi sana mwaka ule, niliona ile kama kwetu pia, nakula kisamvu kilicholetwa kimegandishwa na jamaa wa Dar, namsikiliza anavyoivuta na kuisukuma ile akodiani huku anamkaripia Maryam, binti yake, kwamba ufuta wa mkate umeungua. Harufu ya ufuta aliipata kutoka chumbani, na aliyepita uani alimjua kwa mlio wa viatu.

Maryam alikuwa anaolewa mwaka ule. Hakutaka dhahabu zaidi, alimwomba mama yake kitu kimoja: siku ya chakula cha ukoo, wiki moja kabla ya harusi, ampigie nyimbo mbili mbele ya watu, kama alivyokuwa akipiga zamani. Mama Mkubwa alijitia kukataa siku tatu, siku ya nne akawa anajifunza. Ikaonekana akodiani peke yake itakuwa kavu, Nassor aje na gitaa. Nikaja, nimeliweka sawa chumbani kwangu, nikalipakata garini kama mtoto aliyetoka hospitali. Tulipoanza kupiga pamoja, jamani, ilikuwa kama mchuzi wa nazi umeingia sabuni. Kila chombo peke yake ni kizuri, vikikutana vinaumiza meno. Mama Mkubwa akasita. Mama yangu alikuwepo, Maryam alikuwepo, wanawake wawili wa jirani walikuwa wanachambua mchele.

"Nassor, baba, gitaa lako limepanda," akasema.

Nikapima nyuzi zangu, moja na mwenziwe. Zote zilikuwa zinapatana. Nikamwambia gitaa liko sawa, nimelipima kwa sikio.

"Na mie nnalisikia kwa nini," akasema, "kwa pua?"

Wakacheka wote, hata mama yangu. Kichekesho kilikuwa kizuri, na mimi ambaye maisha yangu yote nimependa kuchekesha watu, nikagundua siku ile kwamba sipendi kuchekwa. Nikamjibu kwa upole wa uongo, ule wa mtu aliyesoma, kwamba Mama Mkubwa, sikio ni kiungo, linazeeka, nimesoma katika jarida, mtu akifika hamsini huanza kuzisikia sauti juu ya zilivyo, yeye mwenyewe hajui, ila wenziwe wanajua. Sikuwa nimesoma jarida lolote. Mama yangu akaniita jina mara moja tu, taratibu, kunionya. Lakini mimi nilikuwa Nassor Sikio, na wale wanawake wa mchele wakatazamana. Baadaye nikipita uani nikawasikia wanamwonea huruma: maskini, ndiyo umri, na mamake naye alianza hivi hivi. Nilisimama nyuma ya mlango wa jikoni na embe la kuchovya chumvi mkononi. Nilijua kwamba nimeshinda, nikalimaliza embe langu.

Yeye hakubishana tena. Nadhani hilo ndilo lililonishtua, kwamba mwanamke yule, aliyeweza kubishana na muuza vitambaa wa soko la Matrah kuhusu dhiraa moja mpaka adhana, neno langu kalichukua na kwenda nalo. Kesho yake Maryam alimwambia kitu kutoka mlangoni, akauliza, "Nini?" Hakuwahi kuuliza hivyo. Harith naye, kwa kutaka kumfurahisha mama yake, akasema pengine si masikio, pengine akodiani ndiyo iliyochoka, twende kwa fundi, na Nassor awepo amwelekeze.

Fundi alikuwa Mhindi mmoja, mtu mzima, kiduka chake kichochoroni Matrah, nyuma ya wauza vyombo. Alitengeneza redio na vile vinanda vyao vya kupepea upepo kwa mkono, ambavyo ndani yake mna ndimi za chuma kama za akodiani. Harith akaniacha na vyombo vyote viwili, akodiani na gitaa langu, akaenda kutafuta chai. Fundi akaivuta akodiani, akatoa kichuma cha kupimia sauti, chenye panda mbili, akakigonga gotini, akakitia sikioni. Akasikiliza. Akaivuta tena sauti ile ile, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaomba gitaa. Akaligusa, akagonga kichuma chake, akaligusa tena. Akanitazama bila ya ubaya wowote na akanambia, kwa Kiarabu kile cha dukani tunachosema na Wahindi wetu, kwamba hii ya upepo ni nzima, miaka mingi lakini nzima. Hili la nyuzi ndilo lililopanda, si sana, ila limepanda lote. Sauti yake nimeitoa wapi?

Juu ya mlango wake palikuwa na kiyoyozi. Si cha aina ya kwangu, kilikuwa kikubwa zaidi na kizee zaidi, maji yanamdondokea kila anayeingia. Nikaugusa uzi wangu wa tatu. Ukalingana nacho, hapana mtetemo hata kidogo. Nikaelewa papo hapo, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaelewa kitu haraka: viyoyozi vyote vya mji ule viliimba sauti moja, kwa sababu umeme ni mmoja, na unachoimba umeme si sauti ya muziki wowote, iko juu yake kidogo, kiasi cha kumuudhi mwenye sikio. Mimi sikuwa na sikio. Nilikuwa na dirisha. Mwenye sikio alikuwa Khuwair, kakaa na cherehani yake, anajiuliza tangu lini amekuwa kiziwi.

Harith akaingia na vikombe vitatu vya chai ya maziwa, akauliza kwa Kiswahili, "Anasemaje?"

Nimelirudia jibu langu mara nyingi tangu siku ile, na kila mara natafuta mahali pa kulilegeza kidogo. Hapana mahali. Fundi alikuwa hajui Kiswahili na Harith alikuwa hakusikia Kiarabu kilichopita. Baina yao palikuwa na mimi peke yangu. Ningeweza kusema, Harith, nimekosea, mama yuko sawa. Maneno matano, na mtu angenicheka wiki mbili. Nikasema, "Anasema ndimi zimechoka. Azikune kidogo zifuate gitaa."

Kisha nikamgeukia fundi nikamwambia kwa Kiarabu kwamba mwenyewe anataka ifuate gitaa. Akaiweka akodiani magotini. Akauliza kama mwenyewe anajua. Nikasema anajua. Akanambia chuma akishakila kwa tupa hakirudi, na mimi nikamwambia sawa, na kwa kuwa nilikuwa kijana mwenye adabu nikamshukuru. Harith alinipa chai yangu, nikainywa. Niliona ina sukari ndogo, nikamlaumu.

Tulirudi kuichukua baada ya siku nne. Mama Mkubwa akaitoa sandukuni, akaivaa mikanda, akaivuta kutoka chini mpaka juu mara moja tu. Sauti za chini zilikuwa zimepanda, na za juu, ambako chuma ni chembamba, zilitoka na mkwaruzo kama mtu mwenye mafua anayejaribu kuficha. Akasita. Akaweka kiganja juu ya vitufe, akakiacha pale. Alikuwa anaijua akodiani ile kuliko alivyotujua sisi, na ililofanyiwa alilisikia. Uso wake ulilisikia. Kisha akanigeukia mimi. Si Harith aliyelipa, si Maryam aliyekuwa anangoja. Mimi.

"Ndivyo inavyotakiwa iwe?"

"Ndivyo, Mama Mkubwa."

"Basi mie sisikii tena," akasema, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Akavua mikanda.

Siku ya chakula cha ukoo nilipiga peke yangu. Yeye alikaa na wenziwe akapiga makofi, nusu mpigo nyuma ya watu, maana alikuwa anawatazama mikono badala ya kusikiliza. Maryam alijitia furaha. Mjomba mmoja akasema mtoto huyu sikio lake si la kawaida, na nikapewa pande la mwanzo la nyama ya kuchoma, la mbavuni, nikalila. Baada ya hapo Mama Mkubwa aliacha kuongoza kasida kwenye maulidi ya wanawake. Akasema waongoze wanaosikia. Akaacha kumwambia mtu yeyote kwamba kitu fulani kimekosewa. Akodiani ikaondoka na jamaa fulani aliyekuwa akirudi Unguja, na sijui iliishia kwa nani. Gitaa langu niliacha kulipiga kabla mwaka haujaisha. Watu walisema nimepata kazi ya bohari nimekuwa mtu mzima, nami hilo nikalikubali pia.

Lililotokea kwake nimelielewa taratibu, Idi moja moja. Si kwamba hasikii. Anasikia, ila haamini alichosikia, kwa hiyo anakuuliza tena ili ahakikishe, na mtu akiulizwa mara mbili hupaza sauti. Wakapaza mwaka mmoja, wakapaza kumi, wajukuu wakazaliwa wakakuta nyumba inapaza. Naye akawa anaongeza televisheni kwa sababu kiziwi ndivyo afanyavyo. Kiziwi yule nilimtengeneza mimi, kwa mkono wangu, kwa sababu siku moja wanawake wanne walicheka.

Ijumaa nikaenda. Mke wangu alishangaa hata akanishika paji la uso. Kulikuwa na wali wa nazi, nguru wa kukaanga, achari ya ndimu, na Mama Mkubwa kakaa kwenye godoro lake chini ya dirisha, mdogo, kajifunga kanga juu ya dishdasha, gauni lake refu la nyumbani. Wengine walipokwenda kunawa mikono nikasogea kando yake. Sikupaza. Nikasema kwa sauti ninayosema na mke wangu, kwamba Mama Mkubwa, nna neno la zamani.

"Nini?"

Nikarudia, kwa sauti ile ile. Akanitazama mdomo, kisha akaacha kunitazama mdomo. Nikamwambia yote, kiyoyozi, fundi, kichuma cha panda mbili, chai. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyoogopa.

"Fundi alikwambia yangu iko sawa," akasema.

"Ndiyo."

"Kabla hajaikuna."

"Kabla hajaikuna."

Akawa anakunja ncha ya kanga, anaikunjua. Nilitarajia kulia au kulaaniwa, vyote viwili nilikuwa nimejitayarishia majibu.

"Na sasa waja kunirejeshea sikio langu," akasema. "Nna miaka themanini na tano. Nilitie wapi?"

Akaita, bila ya kupaza, Harith, akaita Maryam ambaye siku hizi ni bibi, akaita wajukuu, akasema na wa jikoni naye aje. Wakaja na mikono inadondosha maji. Akawaambia wakae, Nassor ana maneno.

Wakakaa. Wananijua, Nassor akikohoa tu wao meno nje. Nikaanza kwa kusema kwamba watu wengine hufunzwa muziki na walimu, mimi mwalimu wangu alikuwa kiyoyozi, na alikuwa mkali maana hakuwahi kunipa joto. Wakacheka, Harith zaidi kuliko wote. Mama Mkubwa hakucheka.

"Anza tena," akanambia. "Usiwachekeshe."

Nikaanza tena, kwa sauti ya kawaida, nikasema kwamba Mama Mkubwa alikuwa anasikia, na anasikia mpaka leo, na mimi nilijua.